Sheria ya SHA: Kuifuta ni Kumfaidi Nani? (Sehemu ya Pili)
Juma lililopita tulieleza mifuko mitatu iliyoundwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoanzisha mamlaka ya SHA. Leo tuwajibu wanaotaka ifutwe, bima ya zamani ya NHIF irudi. Hapa mtaani Tudor, kuanzia stendi ya bodaboda hadi barazani kwa wastaafu, hao si haba.

Tuanze na hesabu. Enzi ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750 kwa mwezi. Sasa anakatwa asilimia 2.75, yaani 550. Mwenye 100,000 alitoa 1,700, na mwenye milioni moja akatoa 1,700 hiyo hiyo! Leo wa kwanza anatoa 2,750, wa pili 27,500. Bosi akilia, namwelewa. Karani wa duka akilia naye, namwona amebeba kilio cha mwingine.

Lalamiko la haki ni la asiye na mshahara. Mama wa mbaazi na mahamri huulizwa paa lake ni la nini na choo chake ni cha aina gani, akakadiriwa kipato, kisha akadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kima cha chini, 300 kwa mwezi, ni 3,600 kwa mara moja, naye huuza apate cha kula leo. Isitoshe, wangapi Tudor wanaishi nyumba za mawe ambazo si zao? Hapo parekebishwe, tena upesi.

Mahakama Kuu yenyewe, Julai 12, 2024, ilipotamka kuwa sheria hii inakiuka Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, haikuifuta papo hapo, bali iliwapa wabunge siku 120 waitengeneze. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo.

Na NHIF irudi kwa njia gani? Sheria yake imeshafutwa. Itabidi itungwe nyingine. Tunaijua kasi yetu: mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya wote wa Waziri Charity Ngilu, Rais Kibaki akakataa kuutia saini, tukangoja karibu miaka ishirini. Oktoba 2024, katika kuhama tu kutoka NHIF kwenda SHA, kuna wagonjwa wa figo na saratani waliotakiwa kulipa taslimu. Anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi kungoja mswada usomwe mara ya tatu.

Juma lijalo: madeni ya hospitali.