Uhalisia Pepe na Lugha Iliyotenganishwa na Mji Wake: Funzo la Utange

1. Utangulizi

Utange ni sehemu ya Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, ilifunguliwa hapo kambi iliyopokea maelfu ya wakimbizi, wakiwemo wenyeji wa miji ya pwani ya Benadir. Kambi hiyo ilifungwa katika miaka ya 1990, kama zilivyofungwa nyingine za pwani ya Kenya. Watu wa kambi hizo walitawanyika: wako waliohamishiwa Dadaab na Kakuma, wako waliokwenda Ulaya na Amerika, na wako waliobaki Mombasa wakachanganyika na wenyeji.

Mojawapo ya lugha zilizopata msukosuko katika mtawanyiko huo wa watu wa Benadir ni Chimwini, yaani Kiswahili cha mji wa Barawa. Leo husemwa Mombasa, London, Atlanta na Columbus, na wengi wa watoto wanaoisikia huko hawajauona mji ulioizaa. Makala haya yanakusudia kueleza manufaa ambayo uhalisia pepe waweza kuwaletea wanadamu, na hasa manufaa yake kwa lugha iliyotenganishwa na mahali pake.

2. Maana ya istilahi

Uhalisia pepe ni mazingira yaliyotengenezwa kwa kompyuta, ambayo mtu huyaona na kuyasikia kana kwamba yumo ndani yake. Mtumiaji huvaa kichwani chombo kinachofunika macho. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka kwa kadiri ile ile. Mfano wa awali wa chombo hicho ulitengenezwa Marekani na Ivan Sutherland mwaka 1968, nao ulikuwa mzito hata ukaning'inizwa darini. Tofauti baina ya uhalisia pepe na sinema ni kwamba mtazamaji wa sinema huonyeshwa mahali, ilhali mtumiaji wa uhalisia pepe huwekwa mahali, akachagua mwenyewe aangalie wapi.

Neno pepe lenyewe lastahili kuangaliwa. Katika barua pepe limepokewa kwa maana ya kitu kinachosafiri kwa wepesi, kama kilichochukuliwa na upepo. Lakini kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje tupu, ganda lisilo na kiini. Maana zote mbili zaielekea istilahi hii. Mazingira ya namna hii yaweza kumchukua mtu hadi mahali asipoweza kufika kwa miguu. Yaweza pia kuwa ganda zuri lisilo na kitu ndani.

3. Manufaa yaliyokwisha kuonekana

Ushahidi wa mwanzo ulitoka katika tiba. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha matokeo ya kuwatibu watu wenye hofu ya kimo kwa kuwapandisha hatua kwa hatua mahali pa juu palipoundwa kwa kompyuta. Hofu yao ilipungua. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Hunter Hoffman na wenzake waliunda ulimwengu wa theluji kwa ajili ya wagonjwa walioungua moto. Mgonjwa aliyekuwa akisafishwa vidonda aliingia katika bonde la barafu na kurusha matonge ya theluji, akahisi maumivu machache kuliko ambavyo angehisi bila ya kuingia humo.

Msingi wa matokeo hayo ni mmoja. Mwili na fikira hupokea mahali pa kuundwa karibu kama vinavyopokea mahali pa kweli, ingawa akili yajua kuwa hapako. Jambo hili linamhusu mwanaisimu, kwa kuwa lugha nayo hutegemea sana mahali aliposimama msemaji.

4. Lugha na mahali

Haiwezi kusemwa kwamba Chimwini haikuchunguzwa. Mohammad Imam Abasheikh, mwenyeji wa Barawa, alishirikiana na Charles Kisseberth katika Chuo Kikuu cha Illinois tangu miaka ya 1970. Kazi yao kuhusu urefu wa irabu ilitoka mwaka 1974, na kamusi yao kubwa ya mifano ilichapishwa Tokyo mwaka 2004. Tenzi za kidini za Barawa, ambazo miongoni mwa watunzi wake ni Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919, zimekusanywa na kuchapishwa pia. Maneno, sauti na tungo zimehifadhiwa kwa kiasi cha kutosha kumshukurisha mtafiti yeyote.

Kisichohifadhika kwa kalamu wala kwa kinasa sauti ni kile kinachoelekezwa kwa kidole. Kiswahili hutenganisha hapa, huku na humu. Tena hapa, hapo na pale. Maneno haya hayana maana kamili mpaka pawepo mahali, msemaji na msikilizaji. Mzee anayesema katika ukanda wa sauti, "Humu ndimo, na pale ndipo," amehifadhi sauti yake, lakini humu na pale vimepotea.

Majina nayo yana shida hiyo. Katika nyumba ya mawe ya Lamu mtu hutoka daka hadi kiwanda, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani. Mwanafunzi aliyesoma kwamba tini ni chini na yuu ni juu aghalabu hudhani kuwa vyumba hivyo viko katika ghorofa mbili. Kumbe viko sambamba, kimoja nyuma ya kingine, na sakafu huinuka kidogo kila mtu aingiapo ndani zaidi. Kosa hilo haliwezi kumpata aliyewahi kupita humo hata mara moja.

Hapa ndipo uhalisia pepe unapoweza kufaa. Bibi aliye Mombasa na mjukuu aliye Columbus waweza kuingia wakati mmoja katika barabara moja ya mji wao. Bibi akisema pale, mjukuu ageuka na kupaona. Mtoto hafundishwi orodha ya viambishi. Apewa sababu ya kuvitumia.

5. Uwezekano na mipaka

Kazi ya kupima na kuhifadhi majengo kwa njia hii si ngeni katika pwani ya Waswahili. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamekwisha kupimwa kwa miali ya leza, na mwaka 2020 yalikuwa miongoni mwa mahali patano duniani palipoonyeshwa kwa umma kupitia intaneti katika mradi wa urithi ulio hatarini. Lakini magofu hayo huonekana vizuri kuliko yanavyosikika. Mgeni huona kuta na matao, hawasikii watu.

Mji kama Barawa ungetaka zaidi ya vipimo. Picha za zamani zaweza kuonyesha kuta, lakini ni wazee wajuao nani alikaa wapi na kila pembe iliitwaje. Wazee watakapotofautiana, tofauti zao zihifadhiwe zote. Sitara ya ndani ya nyumba nayo yapasa kulindwa: si kila chumba kilichokumbukwa ni halali kwa kila mgeni, na wenye mji ndio waamuao mlango upi ufunguliwe. Isitoshe, aliyeondoka kwa kukimbia risasi aweza kuumizwa na mandhari yale yale yamliwazayo mwingine. Vyombo ni ghali, intaneti haifiki sawasawa kila mahali, na baadhi ya watu hushikwa na kizunguzungu.

6. Hitimisho

Uhalisia pepe hauwezi kumrudisha mtu kwao, wala usitolewe kama badala ya haki yake ya kurudi. Unachoweza ni kuipa lugha ardhi ya kusimamia wakati wenyewe wangali mbali. Waliozaliwa Barawa na wakafika Mombasa wakiwa watu wazima katika mwaka 1991 sasa ni wazee. Kuta zaweza kupimwa hata baadaye, maadamu zimesimama. Sauti ya anayejua kila pembe iliitwaje haingoji. Kwa hiyo kazi ianzie kwa wasemaji, ndipo zifuate kompyuta. Kinyume cha hayo, mji utakaojengwa utakuwa pepe kwa maana ya mkulima wa mpunga.