Arbuni Bila Tarehe: Familia Zetu na Kungoja Gari Nairobi

Atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi, akaifuata Ngong Road hadi Adams Arcade na Dagoretti Corner, huziona yadi za magari kando ya njia, magari yameoshwa yakang'ara na bei zimebandikwa kwenye vioo. Akiyatazama atadhani hakuna uhaba. Lakini aingiapo na kuuliza gari analolihitaji hasa, lile la watu saba au lile dogo lisilokula mafuta, aghalabu hujibiwa kwa maneno mawili: "Lipo baharini." Kisha huombwa arbuni.

Maneno hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyazungumza na familia zetu juma hili, na hasa na mama na dada zetu. Wengi wetu tulitoka Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale tukahamia Kilimani, Lavington, Kileleshwa na Kawangware kwa ajili ya kazi na masomo ya watoto. Gari kwetu si pambo. Ni kumfikisha mzazi hospitalini usiku, ni watoto kwenda madrasa siku ya Jumamosi, ni safari ya Pwani wakati wa Idi. Na pesa zake mara nyingi ni za mama wa nyumba: zimetoka katika chama, katika akiba ya mshahara, au katika dhahabu iliyouzwa kwa majonzi. Kungoja gari si kosa. Kungoja kusiko na tarehe iliyoandikwa ndiko kwenye hatari, na hatari hiyo humwangukia mnunuzi peke yake.

Njia ndefu ya gari

Tusemapo "gari jipya", wengi wetu hatumaanishi gari lililotoka kiwandani jana. Tunamaanisha lililotumika Japani na ambalo halijawahi kuendeshwa Kenya. Gari hilo hununuliwa mnadani huko huko Japani, hukaguliwa na kampuni iliyoteuliwa na shirika letu la viwango, KEBS, kisha hungoja nafasi melini. Safari ya bahari yenyewe huchukua kiasi cha majuma manne hadi sita, kwa kadiri ya meli na bandari inazozipitia. Likiteremshwa Kilindini, wakala wa forodha hushughulikia ushuru wa KRA na ada za bandari. Baada ya hapo huendeshwa karibu kilomita 480 hadi Nairobi, likangoje usajili wa NTSA na vibao vya nambari, ambavyo hutengenezwa na wafungwa wa gereza la Kamiti.

Kila kituo kina foleni yake. Meli ikijaa, gari hubaki bandarini Japani. Vibao vikikosekana Kamiti, gari lililokwisha kulipiwa kila kitu hukaa yadini. Kwa hiyo muuzaji akisema miezi miwili au mitatu, hajasema jambo la ajabu. La kuuliza ni hili: gari lenyewe limefika kituo gani kati ya hivyo?

Kwa nini magari yamekuwa haba

Sababu moja ilianzia mbali. Tarehe 19 Machi 2021 moto uliteketeza sehemu ya kiwanda cha Renesas cha Naka, Japani, kilichotengeneza chipu za kuongoza mitambo ya magari. Chipu zilikuwa zimeshaadimika duniani tangu janga la korona. Mwezi Agosti mwaka huo Toyota ilitangaza kwamba utengenezaji wake wa mwezi Septemba ungepunguzwa kwa asilimia 40 duniani kote. Mjapani aliyekosa gari jipya alilishikilia la zamani, na lile la zamani ndilo ambalo lingekuja kwetu. Minadani magari yakapungua, bei zikapanda. Isitoshe, magari ambayo hayakutengenezwa mwaka 2021 hayawezi kuwa magari yaliyotumika miaka saba baadaye. Pengo hilo bado liko njiani kutufikia.

Sababu ya pili ni sheria yetu wenyewe. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Jirani zetu Uganda waliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunavua katika kidimbwi kidogo zaidi, na magari ya umri tunaoutaka hugombewa na nchi nyingine nyingi.

Sababu ya tatu ni pesa. Dola, iliyokaribia shilingi 160 mwezi Januari 2024, ilirudi karibu na 130 kabla ya Aprili. Ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Tena KRA haihesabu ushuru kwa bei uliyolipa Japani, bali kwa orodha yake yenyewe ya bei za magari, ikipunguza kwa kadiri ya umri wa gari. Mwaka 2025 ilitangaza orodha mpya ya kuanza mwezi Julai. Gari linaweza kuondoka Japani kwa hesabu moja na kufika Kilindini kwa hesabu nyingine.

Mpaka wa mwisho wa mwaka

Sheria ya miaka minane ina makali ambayo wanunuzi wengi huyajua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Mpaka huo husogea kila ifikapo tarehe 1 Januari. Gari lililosajiliwa Japani mwaka 2017 lilitakiwa liwe limefika kabla ya mwaka 2024 kwisha. Kuanzia Januari 2025 yalipokewa ya mwaka 2018 na kuendelea tu. Anayengoja gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa, basi, hangoji tu, bali anashindana na kalenda. Likichelewa kwa siku chache, halipungui thamani tu, hukataliwa bandarini.

Tunamjua mama mmoja, muuguzi anayeishi Kilimani, aliyelipa arbuni ya shilingi 450,000 mwezi Agosti 2024 kwa gari la mwaka 2017. Pesa zilikuwa zake na za dada zake wawili, zamu yao ya chama. Gari lilikuwa la kumpeleka baba yao kliniki ya figo mara mbili kwa juma, badala ya kumpandisha matatu. Risiti aliyopewa iliandikwa "arbuni ya gari" na si zaidi. Septemba aliambiwa gari limo melini. Oktoba aliambiwa meli imechelewa. Kila alipouliza siku, alijibiwa, "Mama, usijali, litafika inshallah."

Mwishoni mwa Novemba mjomba wake aliyeko Mombasa alimwambia kwenye simu, "Mwanangu, nitumie nambari ya chesisi, nikamuulize wakala huku." Muuzaji alipoulizwa hakuwa nayo, kwa sababu gari lilikuwa bado halijanunuliwa. Hata kama lingenunuliwa siku ile ile, lisingeiwahi Januari. Arbuni ilirudishwa kwa mafungu matatu, la mwisho mwezi Mei. Miezi tisa nzima baba yao alipanda matatu, akishikwa mkono na binti aliyetoka zamu ya usiku.

Hapakuwa na jambazi katika kisa hiki. Palikuwa na mfanyabiashara aliyetumia arbuni ya mteja mmoja kumalizia gari la mwingine, akitumaini mambo yatakaa sawa. Lakini aliyelipia tumaini lake ni mgonjwa wa figo. Na neno inshallah, ambalo ni la kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya mja kutimiza wajibu wake, lilitumiwa mahali pa tarehe.

Arbuni katika fiqhi

Neno arbuni tumelirithi kutoka Kiarabu, na wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi. Wengi wao, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa zaidi Pwani, wameikataa arbuni ambayo muuzaji huibakisha bure mnunuzi akijitoa, kwa kuwa ni kuchukua mali ya mtu pasipo badala. Wanazuoni wa Hanbali wameiruhusu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, nalo liliiruhusu, lakini kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka.

Sharti hilo si geni. Katika biashara ya salam, ambayo mnunuzi hulipa thamani yote mapema na kupokea bidhaa baadaye, sifa za bidhaa na muda wa kukabidhi lazima vijulikane. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura al-Baqara, inahusu kuandikiana deni pamoja na muda wake, liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo dada anayedai tarehe kwenye karatasi asione haya, wala asikubali kuambiwa kwamba anamshuku Mwislamu mwenzake. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Yaandikwayo kabla ya kulipa

Tunashauri mambo sita yawemo katika mapatano, yaliyotiwa saini na pande zote mbili.

La kwanza ni nambari ya chesisi na mwaka wa usajili wa kwanza. Kama gari bado halijanunuliwa mnadani, iandikwe hivyo waziwazi, ili mnunuzi ajue kwamba ameagiza gari, hakununua lililopo.

La pili ni jina la meli na nakala ya hati ya shehena, mara gari linapopakiwa. Meli hufuatiliwa kwa jina lake, na hapa watu wa Pwani tuna neema ambayo wengine hawana: Kilindini tuna jamaa. Mjomba au binamu mmoja anaweza kuuliza asubuhi moja yale ambayo sisi Nairobi huyangoja kwa miezi.

La tatu ni tarehe ya mwisho, na baada yake siku ngapi arbuni itarudishwa, yote, kwa mkupuo mmoja.

La nne ni nani atakayebeba mabadiliko ya ushuru na ya dola. Kama ni mnunuzi, kiwekwe kikomo.

La tano ni mahali pa kulipia: akaunti ya benki yenye jina la biashara, si simu ya mtu binafsi.

La sita ni jina litakalokuwa kwenye logibuku. Hili tunalisisitiza kwa mama na dada zetu. Mali ya mke ni yake, na sheria yetu ya dini haina shaka juu ya hilo. Lakini gari lililonunuliwa kwa akiba ya mke likasajiliwa kwa jina la mume peke yake, siku mume akifariki huingia katika mirathi, na mjane hulazimika kuthibitisha mbele ya kadhi kile ambacho mstari mmoja wa maandishi ungelikwisha kukithibitisha. Kama pesa ni za wawili, mafungu ya kila mmoja yaandikwe nyumbani siku ile ile, mbele ya mashahidi. Huko si kukosa mapenzi, ni kuwaepushia watoto ugomvi.

Kwa wanaopitia benki za Kiislamu, ambazo zilianza kazi nchini mwaka 2008, kuna swali la ziada. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, ikalimiliki, ndipo ikuuzie kwa faida iliyotajwa. Haiwezi kukuuzia gari ambalo haijawa nalo. Basi uliza: mafungu ya kulipa yanaanza siku ya kutia saini ahadi, au siku gari linapokabidhiwa? Jibu lipewe kwa maandishi, na penye utata aulizwe mwanachuoni unayemwamini kabla ya saini, si baada yake.

Gari lililopo

Mwisho tuseme neno kwa wenye haraka ya haki, kama yule binti na baba yake. Gari lililopo yadini, ulilolishika, ukalipeleka kwa fundi wako na kulihakiki NTSA, huenda likawa na rangi usiyoipenda au kilomita nyingi kidogo kuliko ulivyotaka. Lakini halina bahari katikati yako na yeye umpendaye. Penye mgonjwa, gari la wastani leo hushinda gari zuri la mwezi usiojulikana.

Na mwenye nafasi ya kungoja, na angoje kwa utulivu, tarehe yake akiwa ameiandika na nakala ameiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Subira huvuta heri, na subira ya namna hiyo inajua siku ya kwenda kudai haki yake. Mwenyezi Mungu atubarikie tunachokinunua, na atulinde na kuidhulumu na kuidhulumiwa mali.