Helikopta na Milima: Injini Iliyoleta Mageuzi

Kigobe ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, unaojulikana zaidi kwa jumba linalotumiwa na Bunge la Burundi. Mtu akiwa huko na kutazama mashariki, huiona milima ikipanda kwa ghafla. Jiji liko yapata mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali mgongo wa milima ile unavuka mita 2,000. Helikopta inayopaa kutoka bondeni, ikiwa na majeruhi au magunia ya chakula, yapasa kuipanda tofauti hiyo kwa muda wa dakika chache. Helikopta za kwanza zisingaliiweza kazi hiyo.

Igor Sikorsky aliirusha helikopta yake ya VS-300 huko Marekani mwaka 1939, ikiwa ingali imefungwa kamba. Mwezi Aprili 1944 helikopta iliyotokana na hiyo ilitumwa Burma, nchi ambako askari wa Afrika Mashariki nao walipigana mwaka huohuo. Rubani wake, Carter Harman, aliwatoa msituni Mmarekani mmoja na askari watatu Waingereza, kila safari mtu mmoja, kwani injini haikuwa na nguvu za kuwabeba wawili katika joto lile.

Tarehe 8 Machi 1946 Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha kazi za kiraia. Mashine iliyonyunyizia mashamba dawa ndiyo iliyobeba majeruhi katika vita vya Korea, machela zikiwa zimefungwa nje, ubavuni. Tangu hapo ni vigumu kuitenganisha helikopta ya jeshi na ya raia. Mara nyingi rangi tu ndiyo hutofautiana.

Hata hivyo, zote hizo zilitumia injini za pistoni, ambazo ni nzito na hudhoofika kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Wafaransa ndio waliopata dawa: injini ya turbini, nyepesi na yenye akiba kubwa ya nguvu. Alouette II iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955. Tofauti ilionekana wazi katika mlima Mont Blanc. Mwishoni mwa Desemba 1956, helikopta kubwa ya pistoni aina ya Sikorsky ilianguka thelujini ikijaribu kuwaokoa vijana wawili wapandaji mlima. Siku chache baadaye Alouette zilitua mahali palepale, yapata mita 4,000, zikawachukua marubani na waokoaji. Vijana wale wawili, kwa masikitiko, walifia mlimani.

Alouette III ilifuata mwaka 1959, nayo ikaja kutumiwa na jeshi la Burundi pamoja na Gazelle, ambayo panga lake la mkiani limefichwa ndani ya duara. Baadaye zikaja Mi-8 na Mi-24 za Kirusi. Mi-8, iliyoanza kuruka mwaka 1961, ndiyo inayofahamika zaidi katika kanda hii, kwa kuwa Umoja wa Mataifa umeitumia sana kubeba askari, wagonjwa na vyakula.

Lakini turbini haishindi ukungu. Mwezi Agosti 2012 helikopta tatu za jeshi la Uganda, zikielekea Somalia, zilianguka katika Mlima Kenya, na baadhi ya waliokuwamo wakapoteza maisha. Rubani anayekataa kuondoka mawingu yakiwa yameufunika mlima asidhaniwe kuwa mwoga.

Helikopta ikija kutua karibu na makazi, watoto na mifugo na waondolewe mapema. Nguo zianuliwe, na mabati yaliyolegea yawekewe mawe, maana upepo wa mapanga huvirusha vitu hivyo, navyo vyaweza kumjeruhi mtu au kunaswa na mapanga yenyewe. Asiwepo mtu wa kuisogelea kabla rubani hajatoa ishara. Aliyeruhusiwa aende kwa mbele, ameinama, kofia mkononi. Nyuma asipite kabisa, kwani panga dogo la mkiani likizunguka kwa kasi halionekani. Na penye mteremko akaribie kwa upande wa bondeni, kwa sababu upande wa juu ardhi humwinua mtu hadi kichwa chake kikakaribia panga kubwa.