Mama aliuza dagaa Sirari, mimi nikasoma sosholojia

Wazazi wengi wa mipakani huuliza shahada hii inamfanya mtoto awe nani. Mwandishi wetu, aliyesomeshwa kwa fedha za biashara ya kuvuka mpaka, anasimulia.

SIKU nilipoona jina langu kwenye orodha ya waliochaguliwa kujiunga na chuo kikuu, mama alikuwa anachambua dagaa chini ya turubai sokoni Sirari. Nikamsomea kwa sauti: Shahada ya Kwanza ya Sosholojia, miaka mitatu, Dar es Salaam. Hakuinua kichwa. Alitoa changarawe mbili, akazitupa pembeni, kisha akauliza, "Sasa ukimaliza hiyo unakuwa nani?"

Mtoto wa jirani alikuwa amechaguliwa uhasibu, na jibu lake lilieleweka. Mwingine alikwenda ualimu. Mimi nilijibu kwamba ni elimu ya jamii. Mama akasema jamii anaijua, amefanya nayo biashara miaka ishirini, na hakuna aliyemlipa kwa kuijua.

Tangu nianze kuandika habari za mipakani nimeulizwa swali hilo Namanga, Mutukula na Busia, hasa matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na mzazi anapojikuta ameshika simu yenye neno asilolielewa. Ndiyo sababu ya makala haya. Mengine ninayoeleza ni ya nyumbani kwetu, na nayaeleza kwa ruhusa ya mama.

Neno lenyewe lilianza kutumika kwa Kifaransa katika miaka ya 1830, na aliyelitia katika vitabu ni Auguste Comte. Kazi yenyewe ni ya zamani zaidi. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alishaandika kwa nini watu wa ukoo mmoja hushikamana na kushinda, na kwa nini wajukuu wao hulegea wakaanguka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na Karl Marx, Émile Durkheim na Max Weber kabla hajajua hata njia ya maktaba. Mwaka wa pili huja nadharia zaidi, takwimu, na namna ya kufanya utafiti: jinsi ya kuandaa dodoso, jinsi ya kuchagua watu wa kuhoji bila kujipendelea, jinsi ya kuuliza swali bila kumwekea mtu jibu mdomoni. Mwaka wa tatu unatumwa uwanjani ukafanye mwenyewe.

Wanaodhani ni masomo ya kupiga soga wajaribu somo la takwimu. Darasani kwetu ndilo lililowarudisha wengi kwenye mitihani ya marudio.

Kilichonishtua ni kwamba mfanyabiashara wa kuvuka mpaka yumo vitabuni. Mwaka 1908 Mjerumani Georg Simmel aliandika insha fupi juu ya mgeni, akaeleza kwamba katika historia ya uchumi mgeni huyo mara nyingi alikuwa mfanyabiashara. Hakumzungumzia mpita njia. Alimzungumzia mtu aliyekuja akabaki, anayekaa na watu lakini hana shamba wala ukoo hapo. Watu humweleza siri wasizowaeleza ndugu zao, kwa kuwa hayumo katika ugomvi wao. Nilipoisoma nilimwona mama, ambaye ng'ambo ya Isebania anajua ndoa zipi zina matatizo kuliko wanavyojua majirani wa wahusika.

Hata upatu umo. Mwaka 1962 Clifford Geertz, na mwaka 1964 Shirley Ardener, waliandika juu ya vikundi vya kuchangishana na kupokezana fedha katika nchi mbalimbali. Kwetu ni upatu au mchezo, Kenya ni chama, Rwanda ni ikimina, Kinshasa ni likelemba. Niliposoma kwamba anayepokea mwanzo kwa kweli amekopa, na anayepokea mwisho kwa kweli ameweka akiba, nilimpigia mama simu kumweleza ugunduzi huo. Akaniuliza kama ndicho ninacholipiwa ada.

Mkopo wa serikali niliopata haukufunika ada yote. Iliyobaki ilitoka kwenye dagaa. Mama alikuwa akinunua kutoka Musoma, akiwavusha kwa ndoo na viroba hadi Isebania, ambako dagaa yuleyule anaitwa omena, kisha anarudi na mabeseni ya plastiki na sabuni. Mzunguko wa siku mbili au tatu. Faida ndogo, lakini ya kila wiki.

Halafu ikaja 2020. Vyuo vilifungwa Machi kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa magari ya mizigo. Lori lilipita. Mwanamke mwenye ndoo kichwani hakupita. Dagaa wa mama walikaa ghalani, na vyuo vikafunguliwa Juni mosi na ada ikidaiwa. Nilijiandaa kuahirisha mwaka. Jioni moja mama akanipa fedha taslimu, akasema niende. Nilidhani amepokea zamu yake ya upatu. Sikuuliza, naye hakusema.

Mwaka uliofuata nilichagua kufanya utafiti wangu wa shahada hapohapo mpakani, nikidhani nimejirahisishia. Nilikwenda na dodoso lenye kurasa sita. Swali la nne lilikuwa la mtaji, la tano la kipato kwa mwezi. Mama mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga aliniambia, akiwa amekaa juu ya magunia yake mwenyewe, kwamba yeye hafanyi biashara yoyote, amekuja kusalimia tu. Siku tatu nzima nilikusanya uongo wa adabu. Walidhani nimetumwa na watu wa mapato. Mtu mwenye karatasi na kalamu pale mpakani hajawahi kuleta heri.

Msimamizi wangu alinishauri niliweke dodoso kwenye begi nikae. Nikakaa. Nikachambua dagaa wiki mbili, nikashika ndoo za watu, nikatumwa chenji. Maneno yakaanza kuja yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba wanawake wanapita njia za panya ili kukwepa ushuru. Kumbe wengi walishasikia kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha, na kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa hapohapo mpakani. Walichoogopa ni foleni itakayowaozeshea mzigo, fomu wasiyoielewa, na kuulizwa maswali mbele ya watu. Hilo nisingelipata kwenye kurasa sita.

Kuliandika ilikuwa kazi nyingine. Tunasoma kwa Kiingereza, tunahoji kwa Kiswahili na Kikurya, kisha tunarudi kuandika kwa Kiingereza. Jaribu kutafsiri "mali kauli". Nililiacha kama lilivyo na kulieleza kwa aya nzima: bidhaa anayopewa mtu kwa neno lake tu, alipe akishauza.

Nikavuka Isebania kumhoji mama mwenye duka la plastiki, mteja wa mama yangu wa siku nyingi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akaniletea kiti. Nilimwuliza kama amewahi kutoa pesa kabla ya kupokea mzigo. Akasema mara moja, ile korona. Alitoa kwa nani?

"Wee, si ni mama yako! Nilimtumia kwa simu, ya omena ambayo sikuwa nimeiona. Mpaka ulikuwa umefungwa, sikujua nitaipata lini. Si ulikuwa unataka kurudi shule?"

Kalamu ilibaki hewani. Nilikuwa nimeshaandika juu ya daftari: mhojiwa namba saba.

Kuna kitabu cha Durkheim cha mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi katika jamii. Humo anaeleza kwamba mkataba peke yake hautoshi, kwamba chini ya kila makubaliano kuna imani na desturi ambazo hazikuandikwa, na bila hizo karatasi haina nguvu. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri, nikiwa nimeketi darasani kwa ada ya omena ambaye hajavuka. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Sheria za nchi mbili zilikuwa zimesimama katikati yao.

Nilirudi Sirari nikamweleza mama nilichosikia. Nilidhani atafurahi kwamba nimejua. Alichouliza ni, "Umeandika?"

Hapo ndipo nilipoelewa sababu ya kunyamaza kwake. Kikundi chake cha upatu hakikujua deni lile. Wangejua kwamba anadaiwa nje, na fedha za kigeni, wasingempa tena zamu za mwanzo, na zamu za mwanzo ndizo zilizokuwa zikilipa awamu zangu nyingine za ada. Ilimchukua karibu mwaka mzima kulipa kwa mafungu ya dagaa, kila mzigo akiacha sehemu bila kulipwa. Wenzake waliona anavusha mzigo uleule na kurudi na mabeseni machache, wakasema biashara imemshinda.

Somo la maadili ya utafiti lilinifundisha kwamba mhojiwa anayo haki ya kuondoa maneno yake, na kwamba kuficha jina hakutoshi pale ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Mhojiwa namba saba alikuwa ameniruhusu. Mama hakuwa ameniruhusu. Niliiondoa sehemu ile yote. Msimamizi aliandika pembeni kwamba sura yangu ya nne ina madai makubwa juu ya uaminifu na mifano michache. Alikuwa sahihi. Sikumweleza.

Sasa swali la mama. Unakuwa nani?

Sitamdanganya mtu. Nilimaliza 2021 nikakaa nyumbani. Agosti 2022 nikapata kazi ya karani wa sensa, siku chache, malipo ya mara moja. Barua za maombi niliacha kuzihesabu. Ofisi moja iliniita usaili mara mbili kwa nafasi ileile na mara zote mbili haikunijibu. Shahada hii haina jina la kazi mlangoni kama udaktari, na anayemwambia mzazi kwamba ajira ipo inasubiri anauza maneno. Wenzangu waliopata kazi haraka ni wale walioshika takwimu vizuri, wale ambao mradi ukitaka kuhoji kaya mia mbili wanaweza kupanga, kuhoji, kuingiza kwenye kompyuta na kuandika ripoti. Kama mwanao ataenda, mwambie asilikimbie somo hilo.

Zipo nafasi za serikali. Tanzania, sosholojia ni mojawapo ya fani zinazokubalika kwa afisa maendeleo ya jamii. Huyo unamjua: ndiye anayesimamia vikundi vinavyoomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Waombaji ni wengi kuliko viti.

Na kama anataka majina makubwa, yapo. Eduardo Mondlane, aliyeongoza FRELIMO akiwa Dar es Salaam hadi alipouawa kwa bomu mwaka 1969, alikuwa daktari wa falsafa katika sosholojia kutoka Northwestern, Marekani. Kofi Busia alikuwa profesa wa sosholojia kabla ya kuwa waziri mkuu wa Ghana mwaka 1969. Martin Luther King alichukua shahada yake ya kwanza katika sosholojia mwaka 1948. Mama niliwahi kumtajia orodha hii. Alisema wawili waliuawa, na mmoja je? Nikamwambia alipinduliwa. Akasema basi tuendelee na takwimu.

Kwa mzazi anayefikiria kumvusha mtoto pamoja na mzigo, machache ya kuangalia. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo lenye kazi ya kulifanikisha. Kwenye dirisha la malipo bado uliza mwenyewe, kwa maandishi: ada ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki ni ya mwenyeji au ya mgeni? Tanzania na Uganda shahada hii huchukua miaka mitatu baada ya kidato cha sita. Kenya, ambako watoto wa 8-4-4 walitoka kidato cha nne moja kwa moja, ni minne, na mwaka mmoja wa kodi ya chumba si mdogo. Cheti cha sekondari cha nchi nyingine kinahitaji kulinganishwa kabla ya kuomba: Tanzania hufanywa na Baraza la Mitihani, NECTA, na Uganda na UNEB. Anayetoka Bujumbura au Goma akumbuke kwamba masomo ni ya Kiingereza, na mwaka wa kwanza una kusoma kwingi.

Mdogo wangu anamaliza kidato cha sita mwakani. Anataka sosholojia, na sikumshawishi. Mama hakumwuliza atakuwa nani. Alimwuliza kama anaziweza hesabu, akampa daftari lake la mali kauli ajumlishe, na mtoto alikosea mara mbili.

Deni la Isebania lilikwisha 2021. Mwaka jana mama alikieleza kikundi chote, mwenyewe, siku ya mkutano. Mmoja alinuna. Kwa mwakani ameshaomba zamu ya Oktoba, na safari hii wote wanajua ni ya nini.