Akitoka gerezani anarudi kijijini: familia na majirani wajue nini?

Mfungwa akimaliza kifungo hukabidhiwa vitu vyake na kufunguliwa lango. Kwa mtu wa Mwanga, kinachofuata ni basi, kisha gari la kupanda mlimani kwenda Usangi au Ugweno, au pikipiki ya kushuka hadi Kileo au Kifaru. Mara nyingi habari zake hufika kabla yake. Mahakama imemaliza naye, ila kijiji ndiyo kwanza kinaanza kumjadili.

Msikilizaji, makala haya yanaeleza sheria inasema nini, na nini kinaweza kumsaidia mtu huyu asirudi gerezani.

Mbona ametoka mapema?

Hili ndilo swali la kwanza, na huzaa uvumi: ametoroka, au ametoa rushwa. Mara nyingi si hivyo. Zipo njia za kisheria zinazomtoa mfungwa kabla ya muda aliotajiwa.

Ya kwanza ni msamaha wa theluthi moja ya kifungo kwa tabia njema na bidii ya kazi, uliomo katika Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Aliyefungwa miaka 6 akipata msamaha huo hutoka baada ya miaka 4.

Ya pili ni msamaha wa Rais, chini ya ibara ya 45 ya Katiba. Tarehe 9 Desemba 2019, kwa mfano, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533.

Ya tatu ni parole, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mfungwa wa miaka minne au zaidi aliyekwisha kutumikia theluthi moja anaweza kuruhusiwa kumalizia kifungo nje, kwa masharti na chini ya usimamizi. Wafungwa wa maisha na wa unyang'anyi wa kutumia silaha hawamo.

Pia wapo wasiopelekwa gerezani kabisa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi isiyo na malipo, kama kusafisha zahanati au kutengeneza barabara, badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kabla ya hapo afisa huchunguza mwenendo wake na mazingira anakoishi. Akifika kijijini kwenu kuuliza, semeni kweli, kwa sababu maneno yenu yana uzito.

Shamba lake ni la nani?

Hapa ndipo ugomvi mkubwa huanzia. Mtu anarudi na kukuta kihamba chake cha migomba na kahawa kinalimwa na ndugu, au kimeuzwa. Kufungwa hakumwondolei mtu umiliki wa ardhi yake. Ndugu aliyelima kwa miaka mitano amelitunza shamba, na ni haki ashukuriwe, lakini hajawa mwenye shamba.

Anzeni na kikao cha ukoo. Kikishindikana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Suluhu isipopatikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asikae kimya miaka mingi, kwa kuwa madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Atakula nini?

Wengine hutoka na ujuzi. Gereza la Karanga, Moshi, linajulikana kwa kiwanda cha viatu, na magereza mengine yana useremala, ujenzi na kilimo. Tatizo ni kwamba fundi asiye na cheti haaminiki kirahisi. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya chuo, na akifaulu hupewa cheti. Ni vyema aulize chuo cha VETA kilicho karibu.

Jambo jingine ni vitambulisho. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu, na bila laini hana pesa ya simu. Basi katika wiki za kwanza aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji, ajitambulishe na kuomba barua.

Na aliyetendewa kosa?

Kumpokea aliyefungwa si kumwambia aliyeibiwa au aliyepigwa asahau. Anayo haki ya kuogopa na kukasirika, na hapaswi kulazimishwa kusamehe mbele ya watu. Wazee au viongozi wa dini wanaweza kumwuliza kwanza faraghani kama yuko tayari kumsikiliza mwenzake. Akikataa, aheshimiwe.

Upande wa pili, kuku akipotea, isiwe jina la kwanza kutajwa ni la aliyetoka jela. Mwenye ushahidi aupeleke polisi. Kumpiga mtu kwa sababu ya rekodi yake ni jinai, na anayepiga anaweza kuishia katika gereza hilohilo.

Kijiji kifanye nini?

Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema wanaoachiwa wasaidiwe kupata nyaraka, makazi na kazi. Serikali ina wajibu wake, lakini mengine yanaanzia kwa majirani.

Upareni tuna msaragambo. Siku ya kuzibua mfereji, kukarabati ndiva au kutengeneza barabara, mwiteni kama mnavyowaita wengine, mpeni jembe na sehemu yake ya kazi. Mwenye fundi wake ampe kibarua kidogo kwanza, kisha kikubwa. Kikundi cha kuweka na kukopa kimkaribishe kuweka akiba, na mkopo ufuate akishaaminika.

Mtu asiye na shamba, kazi wala wa kumsalimu hurudi kwa wale waliomwingiza matatani, kwa kuwa hao ndio wanaompokea.