Haba na Haba Ndani ya Kapsuli

Nyanya yangu huona taabu kumeza dawa. Mwaka jana alizoea kuifungua kapsuli yake ya presha, akazisaga punje zilizomo kwa kijiko na kuzikoroga katika uji. Siku moja alishikwa na kizunguzungu, akaanguka jikoni. Muuza dawa alipoelezwa alishika kichwa: "Lo, shosho! Hiyo ni dawa ya siku nzima, nawe umeinywa mara moja!"

Basi nikataka kujua siri ya punje zile. Kumbe kila punje imevishwa ganda. Ganda jembamba huachilia dawa mapema, nene huchelewa, hivyo dawa huingia mwilini haba na haba hadi jioni. Kampuni ya Smith Kline & French ya Marekani ilianza kuuza kapsuli za namna hii mwaka wa 1952.

Kuna vibonge vidogo zaidi, vingine havionekani kwa macho, viitwavyo maikrokapsuli. Katika miaka ya 1950, Barrett Green wa Dayton, Marekani, alivumbua njia ya kuvitengeneza. Yeye alitia humo rangi ya karatasi zinazonakili bila kaboni. Baadaye dawa nazo zikafungwa vivyo hivyo.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza, jelatini, itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, huyeyushwa katika maji ya nyuzi 40 hadi 50 za sentigredi. Pili, dawa iliyo katika mafuta hukorogwa humo, ikawa matone. Ukikoroga kwa kasi, matone huwa madogo zaidi. Tatu, hutiwa gundi ya mgunga, kama ile inayovunwa kwetu Turkana na Isiolo. Nne, hutiwa asidi kidogo. Hapo ndipo penye utamu! Jelatini hupata chaji chanya, gundi ina chaji hasi. Basi huvutana na kuyazingira matone. Mwisho, mchanganyiko hupozwa, ganda hukazwa kwa kemikali, kisha vibonge huoshwa na kukaushwa.

Wenzangu, ganda lile si pambo. Ukilivunja, umevunja saa ya dawa. Mtu wa nyumbani akishindwa kumeza, mwulizeni mfamasia kwanza. Nyanya alibadilishiwa dawa, na siku hizi uji anaunywa mtupu. Haraka haraka haina baraka, hata tumboni!