"Neutral": si huyu wala yule



Katika semina za amani neno moja la Kiingereza husikika sana: "neutral". Wapatanishi huambiwa wawe hivyo. Lakini maana yake hasa ni nini?

Asili yake ni Kilatini. "Ne" ni "si", na "uter" ni "yupi kati ya wawili". Yakiunganishwa tunapata "neuter", yaani si huyu wala yule. Ndiyo maana Waingereza hulitumia kwa maji yasiyo asidi wala alikali, kwa gari lililowashwa bila kuingizwa gia, na kwa nchi isiyojiunga na vita vya wengine. "Neutre" la Kifaransa limetoka shina hilohilo.

Kongo tunalijua tangu zamani. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II alitangaza kwamba dola lake la Kongo halitakuwa na upande katika vita vya mataifa. Tangazo hilo halikumsaidia mwanakijiji aliyelazimishwa kuvuna mpira. Kutokuwa na upande si sawa na kutenda haki.

Mwaka 1965, mjini Vienna, Msalaba Mwekundu ulitangaza kanuni zake saba na kutenganisha mambo mawili. "Neutral" ni kutoshiriki katika mapigano wala magomvi ya siasa, kabila au dini. "Impartial", kutoka "pars", yaani sehemu au upande, ni kumsaidia kila mtu kadiri ya shida yake bila ubaguzi. Wakija majeruhi wawili, anayetokwa damu nyingi hutibiwa kwanza, awe wa upande wowote.

Kuna pia kitenzi "neutralize". Machi 2013, azimio namba 2098 la Baraza la Usalama liliipa brigedi maalumu ya MONUSCO kazi hiyo dhidi ya makundi yenye silaha. Hapo maana ni kuyaondolea nguvu, hata kwa bunduki. Shina ni moja, lakini mwenye "neutral" hashiki silaha, na mwenye "neutralize" anaweza kuishika. Mwanakijiji aliyesikia yote mawili ana haki ya kutuogopa.

Kwa hiyo tunashauri: ukifika kijijini, usijitambulishe kwa neno hilo peke yake. Waambie wazee waziwazi: "Hatuna upande katika vita hivi. Tutawasikiliza wote. Lakini mtu akionewa, hatutanyamaza."